Hodi Tano za Bi Kache

Kikulacho ki nguoni mwako. Ndivyo walivyosema wahenga, na msidhani walisema hivyo kwa kuwa chawa walikuwa wengi zamani. Waliijua tabia ya binadamu. Binadamu akiumwa, macho yake hurukia kwanza kwa jirani, kisha kwa mgeni, kisha kwa hasidi, hata kwa shetani ambaye huenda siku hiyo alikuwa amejipumzikia zake. Nguo yake mwenyewe huikagua mwisho. Anaweza kuuzunguka mji mzima akimsaka mbaya wake, kumbe mbaya huyo kamvaa mwilini, kamfua na kumpiga pasi! Asiyeamini na asikilize yaliyompata Bi Kache mjini Kilifi, siku ya Alhamisi, kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana.

Bi Kache alikuwa mpiga chapa katika kituo kidogo cha maandishi ya wasioona, nyuma tu ya ofisi za kaunti. Kwa kupiga chapa hakuwa na mshindani kuanzia Mtwapa hadi Malindi, na kama ulikuwa hujui, yeye mwenyewe angekwambia. Kazi hiyo aliisomea Malindi enzi za taipureta za chuma, mbele ya Mwalimu Idah, mwanamke mwembamba mwenye rula ndefu na maneno machache.

Mwalimu Idah alikuwa na sheria moja iliyozipita zote. "Mtu mwenye adabu," alikuwa akiwaambia wanafunzi wake, "haingii nyumbani kwa watu kama mbuzi. Hupiga hodi. Basi na aya ni mgeni wa karatasi. Mtu hupiga hodi tatu, lakini aya ipigieni tano!" Hodi hizo zilikuwa nafasi tano tupu mwanzoni mwa aya, zinazobonyezwa kwa kidole gumba kwenye kile kitufe kirefu cha chini. Aliyesahau alionja rula. Kache hakusahau. Hakusahau taipureta zilipokwenda jaani na kompyuta zikaingia, hakusahau hata Mwalimu Idah mwenyewe alipotangulia mbele ya haki. Tu-tu-tu-tu-tu, ndipo lije neno la kwanza. Miaka ishirini na mitano kidole gumba chake kilipiga hodi hizo pasipo kumwomba ruhusa, jinsi mtu apepesavyo macho.

Alhamisi hiyo, kabla Bi Kache hajamaliza hamri lake la kwanza, alisikia fimbo ikigusagusa kizingiti. Alikuwa Damaris, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Ganze. Surua ilimnyang'anya macho akiwa na miaka sita, lakini ulimi ilimwachia, na akili ilimwachia yote.

"Shikamoo, Bi Kache."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu! Umefikaje asubuhi hivi na Ganze kulivyo mbali?"

"Nimelala hapa mjini kwa mjomba. Leo ningechelewa ningejilaani mwenyewe."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Saa nane mchana huo, kamati ya maji ilikuwa iketi kwenye ukumbi wa kaunti kusikiliza wananchi juu ya bomba jipya, lipite wapi na likomee wapi. Akina mama wa kijijini kwao Damaris walikuwa wameandika maelezo yao katika daftari, kila mmoja aya yake, jinsi wanavyotafuta maji. Mkutano uliopita aliyewasomea alikuwa Bwana Sanga, katibu wao wa kijiji. Bwana Sanga si mtu mbaya, ila ana ugonjwa wa kufupisha. Yale yaliyowachukua wanawake siku nzima kuyasema, wengine kwa machozi, yeye aliyamaliza kwa dakika mbili: "Kwa ufupi, mheshimiwa, akina mama wanaomba maji. Ahsante." Akaketi. Bomba likachorwa likiwapita mbali.

Safari hii akina mama walikataa katakata. Walimchagua Damaris asome yeye, kwa vidole vyake, neno kwa neno. Kamati nayo ilikuwa na masharti yake: kila kijiji dakika kumi, na kinachosemwa lazima kisomwe kutoka kwenye maandishi. Asiye nayo ampishe mwenye nayo. Kwa hiyo Damaris alihitaji karatasi zake za nukta nundu, yale maandishi ya vitone vilivyoinuka ambayo wasioona huyasoma kwa kupapasa. Asipozipata kabla ya saa nane, angesoma Bwana Sanga.

"Usiwe na wasiwasi," Bi Kache alimwambia akijipangusa mafuta ya hamri. "Maelezo yenu nilimaliza kuyaandika jana. Aya ishirini, hamna kosa hata la koma. Sasa tunakata mistari, tunachapa, unaondoka zako."

Huko kukata mistari ndiko kulikokuwa kugeni. Mashine mpya ya kituo haikutaka madoido. Ilitaka maandishi matupu, na kila mstari usizidi herufi thelathini na mbili, maana ndiyo pumzi ya karatasi yake. Jumatatu ya wiki hiyo Kyalo, fundi wao wa kompyuta, Mkamba wa Kibwezi mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, alikuwa ameweka programu mpya kwa ajili ya kazi hiyo. Unaandika aya yako hata iwe ndefu kama mkia wa nyani, unabonyeza amri moja, nayo inaikata mistari yenyewe. Bi Kache aliitazama programu hiyo kwa jicho la pembeni. Programu ile ya zamani walikuwa wamezoeana.

Alibonyeza amri. Akapeleka ukurasa wa kwanza kwenye mashine, nayo ikaanza kuunguruma na kugongagonga hata vikombe vikacheza mezani. Damaris alipokea karatasi ikiwa bado na joto. Akaweka mkono wa kulia kwenye mstari wa kwanza, na wa kushoto ukashuka pambizoni kuusubiri mstari wa pili, kama wasomavyo wazoefu, mkono mmoja ukisoma na mwingine ukishika njia.

Mara uso ukamkunjamana.

"Bi Kache, mkono wangu wa kushoto unatumbukia shimoni."

"Shimo gani tena?"

"Nikishuka mstari unaofuata sikuti neno. Nakuta utupu. Nautafuta mwanzo mpaka huku ndani ndiyo naupata. Kila mstari hivyo hivyo. Kwa mwendo huu, dakika kumi zitaishia kwenye kupapasa."

Bi Kache alivaa miwani akatazama kioo cha kompyuta. Lahaula! Aya yote ilikuwa imejivuta ndani. Jana, kabla ya kukatwa, kila aya ilikuwa mstari mmoja mrefu usio na kasoro. Leo mistari yote, wa kwanza hadi wa mwisho, ilikuwa imesimama hatua tano kutoka ukingoni, kama watu waliokimbilia barazani kujikinga mvua.

"Nani kaisukuma?" aliuliza.

Alianza kuirudisha mistari ukingoni mmoja mmoja, akifuta nafasi kwa mkono, na ule wa kwanza akaachia hodi zake tano, maana adabu ni adabu. Ilimchukua robo saa kuinyoosha aya moja. Ndipo Damaris, aliyekuwa amesomewa aya hiyo kwa sauti, akasema, "Umeruka jina la baba yake Kadzo. Ni Kadzo wa Randu. Kijijini tuna akina Kadzo wanne." Bi Kache akaliingiza jina, mstari ukarefuka, akabonyeza amri ikatwe upya. Chap! Mistari yote ikarukia ndani tena. Jasho la robo saa likapotea kwa kufumba na kufumbua.

"Hee! Hii programu ina wazimu?"

Akaifuta aya nzima akaiandika upya kwa hasira, vidole vikienda mbio. Akabonyeza amri. Ndani! Akachapa karatasi ya pili ili Damaris ahakikishe, labda macho yake yeye ndiyo yanayomdanganya. Damaris akapapasa akatikisa kichwa. "Shimo ni lile lile."

Saa nne ilikuwa imeshapiga. Kyalo, aliyekuwa na simu ya mtu mezani ameifungua tumbo, aliinuka akaja kutazama. Alifungua mipangilio ya programu, akaingia huku akatokea kule, akasoma midomo ikichezacheza. Hakuona kitu.

"Hebu nijaribu mimi, Mama," alisema mwishowe.

Kyalo huandika kwa vidole viwili, kimoja kikitafuta na kingine kikipumzika. Aya ile ile ya Kadzo, aliyoiandika pembeni kwa majaribio, ilimchukua dakika ishirini, na Bi Kache alisimama nyuma yake akihema kama mtu anayetazama kuku akila mchele wake. Hatimaye Kyalo akabonyeza amri.

Mistari ikajikata na kusimama ukingoni, imenyooka twaa!

"Imekubali!" Kyalo alipaza sauti, na hiyo kwake ilikuwa ajabu. Wakachapa karatasi ya tatu. Vidole vya Damaris vikakimbia juu yake, akacheka, akasoma kwa sauti pasipo kusita. Bi Kache akapiga makofi. Akamwondoa Kyalo kitini, akakaa, akaandika aya ya pili kwa kasi yake ya kawaida, akabonyeza amri.

Ndani. Hatua tano.

Furaha ilimtoka Bi Kache usoni kama maji ya dumu lililopasuka. Akajaribu tena. Ndani. Akajaribu aya ya tatu. Ndani. Kyalo akaandika mstari mmoja na nusu pembeni, akakata. Imenyooka! Bi Kache akaandika huo huo. Ndani!

Msomaji, jiweke mahali pake. Mashine moja, kiti kimoja, maneno yale yale. Kwa Kyalo yananyooka, kwake yanakimbia. Ungefikiri nini?

Simu ya Damaris ililia wakati huo huo. Alikuwa Bwana Sanga, na sauti yake ilisikika chumba kizima.

"Mwalimu, vipi, karatasi zako tayari? Hapana? Aa, usijitaabishe mama. Mimi nimeshafika ukumbini, na daftari la akina mama nililipiga picha. Nitasoma mimi, kwa ufupi."

"Usisome, Bwana Sanga. Nakuja."

"Ikifika saa nane hujaja, nasoma. Kamati haimngojei mtu."

Damaris aliirudisha simu mkobani polepole. Hakulia, lakini kidevu kilimtetemeka, na kukiona kidevu hicho kulimuuma Bi Kache kuliko kilio. Mama yake Damaris alikuwa mmojawapo wa wale wanawake wa daftarini. Aya ya kumi na saba ilikuwa yake.

"Karatasi zimebaki ngapi?" Damaris aliuliza.

Kyalo alihesabu. Zile karatasi nene za nukta nundu huletwa kutoka Nairobi, na mzigo mwingine ulikuwa uje wiki ijayo. "Kumi na nne. Mistari ikinyooka tunahitaji kumi na mbili. Ikikaa ndani hivi, kila mstari unapoteza herufi tano, zitaingia kumi na tano. Hazitoshi hata tukitaka."

"Basi andika wewe zote!" alidakia Bi Kache.

"Mama, aya ishirini kwa vidole vyangu hivi? Tutafika kesho."

Hapo ndipo Bi Kache alipochemka. Alisukuma kiti nyuma akasimama, mikono kiunoni.

"Kyalo, niambie ukweli mbele ya huyu mtoto wa watu. Umeifanya nini hii mashine?"

"Mimi?"

"Wewe! Nani mwingine? Miaka ishirini na mitano naandika, hakuna mstari ulionikimbia. Umekuja na programu yako Jumatatu, Alhamisi mistari yanikimbia mimi peke yangu! Kwako yatulia kama imelishwa yamini. Unataka mkubwa aone kwamba Bi Kache amezeeka, si ndiyo? Unataka kiti?"

"Mama, kiti hiki hata hakinitoshi," Kyalo alisema, na kweli hakikumtosha. Lakini hakuwa anatania. Macho yalikuwa yamemwiva. "Siku yangu ya kwanza hapa, ni nani alinigawia chakula chake? Nimwekee mitego mtu aliyenipa wali wake mimi nina wazimu?"

"Fadhila za punda ni mateke."

Kyalo akarudi kwenye meza yake, akaiinamia ile simu iliyofunguliwa tumbo, na mikono yake mikubwa haikugusa kitu. Bi Kache naye akaketi kwa kishindo. Alijua amesema neno baya, lakini kulirudisha hakuweza, na saa ya ukutani ilikuwa inaelekea sita na nusu. Akaanza kuandika aya ya pili kwa mara ya nne. Kama mistari ilikuwa na shetani, basi huyo shetani atachoka kabla yake!

Damaris alikuwa ameketi kimya pale mlangoni, kichwa kimeinama upande. Hapakuwa na sauti nyingine chumbani ila vitufe vikipigwa. Aya ya pili ikaisha, Bi Kache akaanza ya tatu.

"Bi Kache, simama hapo hapo," Damaris alisema ghafla.

"Nini?"

"Futa. Anza aya hiyo tena, kama ulivyoanza sasa hivi."

Bi Kache akafuta, akaanza.

"Hizo! Hizo ni nini?"

"Hizo zipi, mwanangu? Nimeandika 'Mimi'."

"Kabla ya 'Mimi'. Umebisha mara tano. Sauti nzito, si kama ya herufi. Ulipoandika aya ya pili ulibisha tano, na asubuhi ulipoirudia ya Kadzo ulibisha tano. Kyalo alipoandika sikuzisikia. Yeye alianza na neno moja kwa moja."

Bi Kache aliitazama mikono yake juu ya vitufe kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimelala juu ya kile kitufe kirefu, kimetulia kama paka aliyekula samaki wa watu.

"Ni hodi," alisema kwa sauti ndogo. "Ni hodi za aya. Lakini hodi ziko mstari wa kwanza tu! Hii mingine..."

"Ngoja! Ngoja, ngoja, ngoja!" Kyalo aliruka kutoka mezani kwake, bisibisi ikaanguka, kiti kikaanguka, yeye akafika kwenye kompyuta kwa hatua mbili. "Ngoja, Mama! Hii programu ikikata mistari, inatazama mstari wa kwanza umeanzia wapi. Ukianzia hatua ya tano, inafikiri ndivyo unavyotaka aya nzima, inawapanga wenzake wote hapo hapo. Ile ya zamani ilikuwa inaziacha hodi zako kwenye mstari wa kwanza peke yake. Hii inazitia kwenye mistari yote!"

"Kumbe inanitii mimi?"

"Inakutii kupita kiasi! Futa hodi. Futa hizo tano tu, usiguse kingine, halafu kata."

Bi Kache alivuta pumzi. "Mwalimu Idah, niwie radhi huko uliko," alinong'ona, akafuta nafasi tano za aya ya kwanza. Akabonyeza amri.

Chap! Mistari yote ikarudi ukingoni pamoja.

Wakapiga ukelele watatu wote, hata mlinzi wa lango akaja mbio akidhani kumetokea nyoka. Damaris alikuwa akirukaruka na fimbo yake hewani. "Ya pili! Ya pili!" alihimiza. Bi Kache akazifuta hodi za aya ya pili. Chap! Ya tatu, chap! Ya nne, chap! Kazi iliyomtesa tangu asubuhi ilikuwa sasa kama kuchambua mbaazi, na Kyalo alikuwa akihesabu kwa sauti kubwa kuliko zote alizowahi kutoa katika kituo hicho. Walipofika ishirini ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi.

"Imebaki moja," Damaris alisema. "Aya ya kufunga. Akina mama walinipa jana jioni kwa mdomo, haimo daftarini. Andika, Bi Kache: 'Sisi hatuombi...'"

Bi Kache akaweka mikono. Tu-tu.

"Umebisha!" wakapaza sauti wote wawili.

"Si mimi, ni kidole!"

Akafuta, akaanza tena. Tu. Kidole kile kilikuwa kimelelewa kwa rula, hakikuwa na habari za programu mpya. Damaris akasogea, akapapasa meza mpaka akaupata mkono wa Bi Kache, akakishika kidole gumba hicho kiganjani mwake, akakifumba kwa upole. "Sasa andika neno la kwanza," alisema. Bi Kache akaandika 'Sisi' kidole kikiwa kifungoni, ndipo Damaris akakiachia, na aya ikaenda mpaka mwisho.

Mashine ikaanza kugonga. Karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, polepole, kwa kelele, kama mtu anayepasua kuni asiyetaka kuharakishwa. Damaris alizipokea moja moja na kuzikagua. Bi Kache hakuketi. Alikwenda mpaka kwa Kyalo, aliyekuwa akiziokota skrubu zake sakafuni, akasimama mbele yake.

"Kyalo, nimekukosea. Nimekuita punda, na punda nilikuwa mimi. Nisamehe, baba."

Kyalo alikuna kichwa. "Hata mimi, Mama. Tangu saa nne nazunguka kwenye mipangilio. Nimetafuta kila mahali isipokuwa mwanzo wa mstari." Kisha akatabasamu. "Lakini wali wa nazi leo nakudai."

"Na samaki juu yake!"

Karatasi ya kumi na mbili ilitoka saa nane kasoro robo. Zikabaki mbili, zinametameta kwa weupe. Kyalo akazitia karatasi za Damaris kwenye jalada, akalikumbatia kama mtoto mchanga, na wote watatu wakatoka wakitembea mbio mbio kwenye jua kali, Damaris amemshika Bi Kache kiwiko, fimbo ameikunja kwapani kwa haraka.

Waliingia ukumbini mwenyekiti wa kamati akiwa anaita, "Kijiji kinachofuata. Nani anawasomea akina mama?"

Bwana Sanga alikuwa ameshainuka, simu mkononi, koo ameshalisafisha.

"Mimi!" Damaris alijibu kutoka mlangoni.

Watu wakageuka. Akapelekwa mbele, akaziweka karatasi mezani, akazipapasa pembe zake. Halafu, kabla ya kutamka neno, akakunja ngumi akabisha juu ya meza: moja, mbili, tatu, nne, tano.

"Hodi!" alisema.

Akina mama wa Ganze waliokuwa viti vya nyuma wakaitikia kwa sauti moja, "Karibu!" na wengine wote wakafuatia, hata mwenyekiti, ambaye hakuwa ametarajia kuitikia. Bi Kache aliziba mdomo kwa leso yake. Machozi na kicheko vilimjia pamoja.

Damaris akaanza. "Mimi ni Kadzo wa Randu. Natoka nyumbani kabla jogoo hajawika, narudi saa tano na dumu moja. Mchele nikiuosha, maji yale yanamwogesha mtoto, na mtoto akishaoga, mbuzi anayanywa." Mkono wa kulia ulikimbia na wa kushoto ulishuka, na kila uliposhuka ulilikuta neno limesimama mlangoni likiusubiri. Hakusita, hakupapasa. Alipofika aya ya kumi na saba, ya mama yake, sauti ilipungua kidogo lakini vidole havikusimama. Akasoma mpaka ile ya kufunga: "Sisi hatuombi kuonewa huruma. Tunaomba mje mtembee nasi asubuhi moja, kila mmoja wenu na dumu lake, ndipo mchore bomba."

Dakika tisa. Hakufupisha hata neno. Mwenyekiti alivua miwani yake akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Tutakuja," alisema. "Andikeni siku: Jumanne. Na wajumbe wote waambiwe kila mmoja aje na dumu lake." Kisha akamgeukia Bwana Sanga. "Katibu, una la kuongeza?"

"Sina, mheshimiwa," alijibu Bwana Sanga, na hilo ndilo neno lake fupi kuliko yote aliyowahi kusema.

Vigelegele vya akina mama vilipopasua paa, Kyalo alimwinamia Bi Kache sikioni. "Mama, nimeshajua pa kuuzima ule utiifu wa programu. Kesho asubuhi nauzima, halafu upige hodi zako upendavyo."

Bi Kache alikuwa amekiinua kidole gumba chake cha kulia mbele ya macho, anakigeuzageuza. Ndicho alichokitia hina kila arusi, alichokipaka mafuta kila jioni, alichojisifia nacho tangu ujanani. Asubuhi nzima alikuwa amemsaka mbaya wake katika programu, katika mashine, na katika moyo wa Kyalo usiokuwa na neno, na muda wote huo mbaya alikuwa ameketi mkononi mwake akipiga hodi. Akakikunja kidole hicho kiganjani, akamshika Kyalo mkono, akasema kwa sauti ambayo hata walioketi mbele walimsikia:

"Mwanangu, wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako."